Mpiga Tarumbeta wa Ijumaa

Siku Meshack Chidawali alipotolewa nyuzi mdomoni, daktari alimgusa mdomo wa juu kwa ncha ya sindano akamwuliza kama anasikia chochote. Meshack alisema hapana. Sindano ikasogezwa kidogo upande wa kushoto. Hapo alisikia, lakini kwa mbali, kama mtu aliyeguswa juu ya koti zito. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, akaeleza kwamba mshipa wa fahamu ulikatika pale mdomo ulipochanika. Huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi. Meshack akauliza kama ataweza kupuliza. Daktari akadhani anaulizia chai ya moto, akamshauri awe anaiacha ipoe.

Ilibidi mkewe, Emiliana, aliyekuwa ameomba ruhusa shuleni anakofundisha ili amsindikize, aseme kwamba mume wake ni mpiga tarumbeta. Daktari akaacha kuandika, akawatazama wote wawili. Alisema hilo yeye hawezi kulisemea, lakini Mungu ni mwema. Emiliana akayashika hayo maneno ya mwisho, akatoka nayo hospitalini.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo, kiasi kwamba dereva wa bodaboda aliinuka akajipangusa vumbi. Walikuwa njiani kwenda Bahi, Meshack ameitwa kupiga kwenye harusi, ng'ombe wakakatiza barabara, pikipiki ikateleza. Mtu mwingine angetanguliza mikono. Mikono ya Meshack ilikuwa imekumbatia sanduku la tarumbeta, na hakuliachia. Tarumbeta halikupata hata mkwaruzo. Yeye alipoteza meno mawili ya juu ya mbele, na mdomo ukapasuka hadi karibu na pua.

Baadaye aliwekewa meno ya bandia. Yalikuwa meupe kuliko yale yaliyobaki, ambayo maji ya visima vya utotoni yalikuwa yameyapa rangi ya kahawia, na kila alipofungua kinywa watu waliyatazama meno kwanza kabla ya kumsikiliza. Akajifunza kuongea akiwa ameinamisha uso.

Alijaribu kupiga siku moja jioni, chumbani, mlango ukiwa umerudishwa. Sebuleni Emiliana alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi, na binti yao Hana, aliyekuwa kidato cha tatu, akichambua mchicha. Walisikia sanduku likifunguliwa. Kisha wakasikia pumzi, kama tairi linalopungua upepo. Kikapita kimya, pumzi ikaja tena. Hana aliacha kuchambua, mama yake akamwashiria kwa kidevu aendelee. Meshack alitoka. Alikaa mezani, akanywa uji, na uji ukamtiririka kwenye kona ya mdomo asijue. Hana akamsogezea kitambaa huku akitazama pembeni.

*

Hoteli aliyokuwa akipigia ilikuwa ya Kishan, mtu wa makamo aliyezaliwa Dodoma, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wenye duka la vyombo vya ujenzi. Babu huyo alipenda santuri kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa ameacha masanduku kadhaa ya santuri nzito za miaka ya thelathini, wakati bendi za dansi za Marekani zilipoanza kupiga ule muziki unaoyumba, unaomfanya mtu atikise bega kabla hajajua kwa nini. Wenyewe waliuita swingi. Kishan alikua akiusikiliza, na serikali ilipohamia Dodoma na wageni wakaongezeka, alijenga hoteli na kutenga Ijumaa jioni kwa ajili ya muziki huo. Alitafuta watu wanne: Ruthu kwenye piano, Khalidi kwenye ngoma, Jordan kwenye gitaa la besi, na Meshack.

Maofisa wa wizara walikuja na wake zao. Walikuja wazungu wa miradi, na watu waliokuwa wakisherehekea miaka ya ndoa. Walichokisubiri hasa ni kipande kimoja kirefu. Kwa asili kilikuwa muziki wa maombolezo, ulioandikwa Ulaya zamani kwa ajili ya watu wanaokaa kwenye viti na kunyamaza. Bendi za enzi zile zilikuwa na tabia ya kuchukua muziki wa namna hiyo na kuuwekea mwendo wa dansi, na wazee wa wakati huo walikasirika sana. Katikati ya kipande hicho vyombo vyote vilinyamaza, Meshack akabaki peke yake, akianza polepole kama ilivyoandikwa, kisha akiuachia wimbo kidogo kidogo mpaka Khalidi anaingia na fimbo zake na watu wanasimama wenyewe kwenda kucheza.

Kishan alimwita ofisini mwezi mmoja na kitu baada ya ajali. Alimwuliza hali, akamwagizia chai, akakumbuka, akaagiza juisi. Kisha akamweleza wazo lake. Jordan alikuwa na programu kwenye kompyuta inayoweza kuchukua santuri ya zamani na kutenganisha vyombo. Walikuwa wamechukua santuri za babu, wakafuta vyombo vingine vyote, likabaki tarumbeta peke yake. Sauti ilikuwa safi. Ingetoka kwenye spika iliyofichwa nyuma ya mimea, na Ruthu na wenzake wangepiga pamoja nayo.

"Lakini watu wanapenda kuona mtu, Bwana Meshack," alisema Kishan. "Wamekuzoea wewe. Unasimama pale pale, na koti lako, na tarumbeta lako. Mpaka upone."

Ruthu alikuwepo. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyesomea piano chuoni na kufundisha watoto wa watu wenye uwezo. Alisema yeye hapendi jambo hilo. Kishan akamjibu kwamba hata yeye halipendi, lakini njia nyingine ni kutafuta mtu kutoka Dar es Salaam, na mtu huyo akishafika hatakuwa wa kuazima, atabaki na nafasi hiyo. Wote wawili wakamgeukia Meshack.

Meshack alitaka kuuliza aliyepiga kwenye santuri ni nani. Aliuliza badala yake kama atatakiwa kuwahi.

*

Ijumaa ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko alivyotegemea. Alivaa koti jeupe na tai ya kipepeo, akasimama, akaweka tarumbeta mdomoni mahali ambapo hakusikia kama lipo au halipo, na sauti ikatoka nyuma yake. Vidole vilifuata vyenyewe. Khalidi alimnong'oneza kwamba mashavu yake yamelala, ayajaze. Akayajaza. Mpigaji wa kwenye santuri alikuwa na mtindo wake, alipenda kuning'inia kwenye noti ya juu kabla ya kushuka, na Meshack ilibidi amsikilize kwa makini kama mtu anayemfuata mwenzake gizani asimkanyage kisigino. Hakufurahi wala hakuumia. Wakati wa mapumziko mgeni mmoja alimfuata, akamshika mkono, akamwambia hajawahi kusikia tarumbeta likilia namna ile tangu aje Afrika. Meshack akamshukuru, uso ameuinamisha.

Nyumbani alikuwa amesema tu kwamba bosi anataka awe anakaa na wenzake asizoee kukaa bure. Emiliana hakuuliza zaidi. Alikuwa amejifunza kutouliza mambo ya mdomo.

Ila watu siku hizi hurekodi kila kitu. Mke wa ofisa mmoja aliyekuwepo hotelini alisali nao kanisa moja, na aliirusha video yake kwenye kundi la simu la Umoja wa Akina Mama: Meshack amesimama, mashavu yamejaa, tarumbeta linapanda na kushuka, watu wanapiga makofi. Aliandika chini yake, Mungu wetu anaponya. Emiliana aliiona akiwa ofisi ya walimu. Aliitazama mara nyingi. Wenzake walimkuta analia, na alipowaonyesha, wakamkumbatia mmoja mmoja.

Alifika nyumbani na simu mkononi, akasimama mlangoni akimtazama mume wake aliyekuwa akirekebisha mguu wa stuli. "Kwa nini hukuniambia, Baba Hana?" aliuliza, na uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo Meshack hakuwa ameiona tangu ajali.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Meshack aliuona ukija, akauona umesimama, akauona unapita. Akasema alitaka kwanza kuhakikisha. Emiliana akamwomba apige kidogo, wimbo wowote, yeye na Hana wasikie. Akajibu kwamba daktari amemkataza kuuchosha mdomo. Hana, aliyekuwa akifua uani, alimwangalia baba yake kwa muda kupitia dirishani, kisha akarudi kwenye beseni lake.

Jumapili, wakati wa shuhuda, Emiliana alisimama mbele ya kanisa. Hakuwa mtu wa kusimama mbele. Akaeleza juu ya sindano na daktari, juu ya jioni aliyosikia pumzi tupu chumbani na moyo wake ukafa, na jinsi sasa tarumbeta linalia tena. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akamwita Meshack asimame aonekane. Alisimama, na mwalimu wa kwaya akatangaza kwamba sikukuu ya mavuno mwaka huu itakuwa na tarumbeta. Meshack aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akijiona kama mtu aliyekaa viti vya nyuma, anayemtazama Meshack Chidawali akiitikia kwa kichwa.

*

Zikapita Ijumaa kadhaa za namna hiyo. Kisha Mwalimu Lameck akafariki huko Mvumi.

Lameck ndiye aliyemfundisha Meshack tarumbeta, akiwa mvulana wa shule, kwenye bendi ndogo ya nyimbo za kanisa na vipande vya muziki wa Ulaya vilivyoachwa na wamisionari. Alikuwa mtu mgumu. Aliposikia kwamba mwanafunzi wake anapiga muziki wa maombolezo kwa mwendo wa dansi hotelini, alikuja mwenyewe mjini, akaketi nyuma ukumbini, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza Meshack mbele ya wenzake muziki huo una haraka ya kwenda wapi. Meshack alimjibu kwamba huko Marekani, watu walipoanza kuupiga hivyo, walikuwa kwenye miaka ya njaa na hawakuwa na kazi, na walitaka kucheza. Lameck alifikiri. Akasema sawa, lakini wao walikuwa na njaa, ninyi mmeshiba. Hawakugombana, ila baada ya hapo hawakuonana sana.

Ernest, mtoto mkubwa wa marehemu, alipiga simu. Alisema mzee aliacha neno: kipande kile kipigwe kaburini, na Meshack akipige kama kilivyoandikwa, polepole, asikichezeshe. Walisikia kwamba alikuwa mgonjwa, lakini wameiona ile video na wamemshukuru Mungu.

Meshack angeweza kukataa. Aliposhika simu, maneno ya kukataa yalikuwepo. Lakini Emiliana alikuwa ameketi karibu, anasikia sauti ya Ernest, na tayari alikuwa akifikiria kanga gani avae. Akasema watakuja.

Usiku kucha alifikiri kwamba huenda ikawezekana. Mdomo ulikuwa umeanza kuwasha siku za karibuni, na daktari alisema kuwasha ni dalili. Labda noti kumi za kwanza, zile za chini. Labda Mungu, ambaye ameshashukuriwa hadharani, angeona aibu kurudisha shukrani.

Msiba ulikuwa mkubwa. Walimu wa zamani walikuwepo, wauguzi wa hospitali ya misheni, wanafunzi waliosafiri kutoka mbali, akina mama wa Kigogo waliokaa chini na migongo yao kwenye ukuta wa nyumba. Kwaya iliimba mpaka jeneza lilipofika chini. Ndipo Ernest akatangaza kwamba mwanafunzi wa mwalimu atamuaga kwa chombo alichofundishwa na mwalimu, na watu wakanyamaza, hata watoto.

Meshack alisogea ukingoni mwa shimo. Aliinua tarumbeta. Alipuliza.

Ikatoka pumzi. Waliokaa karibu waliisikia. Wa mbali walidhani anajiandaa. Akabana mdomo, akapuliza tena, na mara hii kilitoka kitu kifupi, kibaya, kama mlango wa bati, kikakatika. Mtoto mmoja akacheka akazibwa kinywa. Meshack akajaribu mara ya tatu. Mate yalikuwa yakimshuka kidevuni, na Ernest, asijue afanye nini, akamshika kiwiko kama anavyoshikwa mfiwa.

"Siwezi," Meshack alisema. Hakusema kwa nguvu, lakini kimya kilikuwa kikubwa. "Sijaweza tangu nilipoanguka."

Kwaya ikaanzisha wimbo haraka, juu kidogo kuliko inavyotakiwa, na makoleo yakaanza kushusha udongo. Meshack alirudi nyuma mahali alipokuwa amesimama. Emiliana alikuwa pale pale, mikono ameifunga juu ya kanga. Alitazama udongo unavyoshuka. Alipomaliza kuimba ubeti na wengine, alitoa leso akampa ajipanguse, bila kumgeukia.

*

Walirudi na gari la kanisa, na ndani ya gari watu waliongea juu ya mvua. Nyumbani Emiliana alivua viatu, akaweka maji jikoni, akatoka akakaa.

"Yule kwenye video ni nani?" aliuliza.

"Ni mtu wa zamani. Wa Marekani. Atakuwa ameshakufa."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nashika."

Maji yakachemka, Hana akaenda kuyaepua. Meshack alieleza: spika, mimea, kompyuta ya Jordan, mashavu. Alieleza yote kwa mpangilio, kama anaeleza njia ya kwenda mahali. Emiliana alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kwa nini aliikubali kazi hiyo; yeye pia alikuwa akiishi ndani ya nyumba ile na alijua. Alitaka kitu kimoja tu.

"Nilisimama mbele ya watu," alisema. "Ulikuwa umekaa pale. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

Akangoja kama kuna kitakachofuata. Meshack mwenyewe alikitafuta, akakuta mahali pake pamekufa ganzi, na hofu ndogo ikampita kwamba huenda kilichokatika siku ile barabarani si mshipa wa mdomo peke yake. Emiliana aliinuka akaenda kuoga.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alivaa, akatangulia. Wakati wa shuhuda alisimama tena, na baadhi ya akina mama wakaanza kutabasamu kabla hajafungua kinywa.

"Nilisema hapa kwamba mume wangu amepona," alisema. "Hajapona. Nilikuwa sijui. Nilichowaambia hakikuwa kweli, na niliona si vizuri kibaki hivyo. Ni hayo tu."

Hakusema Bwana asifiwe, kwa hiyo watu hawakuwa na la kuitikia. Mchungaji alikohoa, akasema tuendelee kumwombea ndugu yetu. Mwalimu wa kwaya alikuwa akitazama sakafu. Emiliana alirudi kwenye kiti chake akafungua kitabu cha nyimbo, na wakati wa kutoka, pale nje ambapo watu husimama kusalimiana, aliwasalimia wote, mmoja mmoja, shikamoo kwa wakubwa na habari za nyumbani kwa wenzake, mpaka wale waliotaka kumkwepa wakashindwa. Meshack alisubiri kando ya geti. Walitembea kurudi nyumbani, Hana akiwa katikati.

Wiki hiyo hawakugombana. Chakula kilipikwa, nguo zilipigwa pasi. Hana aliulizwa na wenzake shuleni kama baba yake ni yule anayeigiza, akasema ndiyo, ni yule. Usiku Emiliana alilala ameelekea ukutani, na Meshack alilala chali.

Alhamisi, akiwa anachambua mchele, Emiliana alisema kesho atakwenda naye hotelini. Meshack akasema hakuna haja. Akasema anajua hakuna haja.

*

Kishan alimpokea mlangoni, akamwita shemeji, akampa meza nzuri karibu na ukumbi wa kucheza na glasi ya juisi ya zabibu. Emiliana alikuwa amevaa gauni lake la bluu la mahafali ya shule, na mkoba aliuweka magotini akaushika kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kuingia pale. Kwa miaka yote ambayo mume wake alipiga, Ijumaa zilikuwa kazi, na mtu hamfuati mwenzake kazini.

Bendi ikaanza. Emiliana alimtazama Meshack akiinua tarumbeta. Alitazama vidole, mashavu, namna alivyofumba macho kwenye noti ndefu na kuyumba kidogo kuelekea kwa Ruthu. Sauti ilikuwa nzuri, ilijaza chumba. Mwanamke wa meza ya pili alikuwa akimrekodi kwa simu. Meshack alijua mke wake yuko wapi bila kugeuka, na kwa mara ya kwanza tangu kazi hii ianze vidole vyake vilikosea, vikabonyeza kabla ya sauti. Hakuna aliyeona. Emiliana aliona.

Wakati wa mapumziko Meshack alimfuata pale mezani. Alisimama kama mhudumu anayesubiri oda.

"Unafanya vizuri," alisema Emiliana. "Ningekuwa mgeni, ningeamini."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomfanya Meshack ashindwe kuondoka. Alisimama mpaka Khalidi akamwita. Akarudi jukwaani, akachukua tarumbeta, Ruthu akahesabu, na wakaanza sehemu ya pili kwa wimbo mwepesi wa dansi, ule wenye kuruka ruka, ambao watu huinuka nao kwanza.

Aliweka tarumbeta mdomoni. Akafuatana na yule mtu wa santuri mistari ya mwanzo. Kisha, bila kuwa ameamua, akalishusha. Akaliweka juu ya kiti chake, taratibu, kama alivyoliweka siku zote, na tarumbeta kutoka nyuma ya mimea likaendelea kulia.

Ruthu alimwona. Mikono yake ilisita nusu ya pigo, kisha ikaendelea, na alipoendelea yeye, Khalidi na Jordan wakaendelea pia. Meshack alishuka jukwaani. Meza za mbele zilikuwa zimeanza kuelewa. Yule mwanamke alishusha simu, akatazama kiti, akatazama mimea. Mzee mmoja akadhani ni sehemu ya maonyesho, akapiga makofi, na wawili watatu wakamfuata. Kishan alisimama mlangoni na trei ya mtu mwingine mkononi. Jumatatu angempigia simu Meshack na kumwambia, kwa upole wake ule ule, kwamba Ijumaa zimesimama kwanza, na baada ya sikukuu angekuwepo kijana kutoka Dar es Salaam, mpigaji mzuri tu. Meshack alilijua hilo alipokuwa akikatiza ukumbi. Lilikuwa limekaa wazi mbele yake na halikumtisha.

Akafika kwa mke wake, akanyoosha mkono.

"Watu watajua," Emiliana alisema.

"Ndiyo."

Aliutazama ule mkono. Akaweka mkoba juu ya meza, akaenda naye.

Hawakujua kucheza. Meshack alikuwa amewachezesha watu miaka mingi, alijua pigo liko wapi, lakini miguu yake ilikuwa ya mtu aliyesimama jukwaani maisha yake yote, na Emiliana alicheza kama wanavyocheza akina mama wa kanisa, kwa mabega. Walizunguka mahali padogo. Meshack alimkanyaga, akasema samahani. Mkono wake ulikuwa mgongoni mwa Emiliana na aliusikia ule mgongo, jasho lake, mfupa wake, zipu ya gauni la bluu.

"Anapiga vizuri huyu marehemu," Emiliana alisema karibu na sikio lake.

Meshack alisikiliza. Ijumaa zote zile hakuwa amemsikiliza, alikuwa akimfuata tu. Tarumbeta lilipanda, likaning'inia kwenye noti ya juu, likakaa pale.

"Hapa amechelewa kushuka," alisema. "Mimi nisingechelewa."

Sauti yake ilikatika kwenye neno la mwisho. Emiliana akamshika vizuri zaidi, wakaendelea kuzunguka mpaka wimbo ukaisha.